Shati Moja na Mashati Mia Tatu

Tukimsifu fundi cherehani tunasifu mshono. Tunaigeuza nguo ndani nje, tunakagua pindo, tunavuta bega kuona kama uzi unashika, tunatazama kola kama imelala sawa pande zote mbili. Sifa hiyo ni haki yake. Ila katika karakana za kushona za Kariakoo, Dar es Salaam, zile zenye vyerehani sita hadi kumi ndani ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa, kuna ufundi mwingine ambao mteja hauoni na kwa hiyo hausifu. Unafanyika kwa kalamu, juu ya daftari la jalada gumu, na kwa kawaida anayeumudu ni mtu mmoja tu: fundi mkuu, mara nyingi mama mtu mzima aliyeanza kushona tangu usichana wake. Ni ufundi wa kupokea oda zisizolingana na kuzitoa zote kwa wakati.

Mimi nauheshimu ufundi huu kuliko hata ule wa sindano. Mshono mzuri unaweza kufundishwa kwa miezi. Huu wa daftari nimeona watu wakiukosa maisha yao yote, na karakana zao zikifungwa huku mikono yao ikiwa bado hodari.

Asubuhi ya kawaida huleta wateja wa kila namna. Kijana anataka suruali ipunguzwe urefu. Binti ana kitenge chake cha yadi sita na picha ya mshono kwenye simu. Mwalimu mkuu anahitaji mashati 300 ya wanafunzi. Mfanyabiashara wa madera anataka dazeni tano. Kamati ya harusi imeleta sare ya mashangazi na mama wadogo. Katika daftari kila mmoja anaandikiwa mstari mmoja, na mistari yote ina upana uleule. Asiyejua huhesabu mistari, au huhesabu nguo, na hesabu zote mbili humdanganya.

Chukua kazi ya kukata. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, mkataji anakinyoosha, anapanga karatasi za vipimo juu yake, anazigeuzageuza mpaka mapengo kati yake yapungue, kisha anachora kwa chaki. Tuseme kwa shati moja kazi hiyo inakula dakika 40. Mteja wa shati moja amezibeba dakika 40 zote peke yake. Kwa oda ya mwalimu mkuu mambo ni mengine. Kitambaa kinalazwa tabaka juu ya tabaka, tuseme 50, chaki inapita kwenye tabaka la juu tu, na kisu cha umeme kinashuka hadi chini. Mchoro ukiwa na nafasi ya mashati sita, yote 300 yanakatwa kwa mchoro mmoja. Hata kama kuchora mashati sita kutachukua mara sita ya muda, yaani dakika 240, kila shati limebeba sekunde 48 tu.

Na ndani ya mchoro huo kuna akili nyingine. Shule ina watoto wa maumbo mbalimbali, kwa hiyo fundi mkuu hatachora shati la kipimo kimoja mara sita. Atachora saizi tano, na ile ya kati, ambayo watoto wengi huivaa, ataichora mara mbili. Tabaka 50 zitampa mashati 100 ya saizi ya kati na 50 ya kila saizi nyingine. Tena saizi zikichanganyika, mkono mdogo wa shati la darasa la kwanza unaingia kwenye uwazi ulioachwa na kwapa la shati la darasa la saba, na kitambaa ambacho kingetupwa kinakuwa nguo. Idadi za mwalimu zisipogawanyika vizuri namna hiyo, na kwa kweli hazigawanyiki, analaza mara mbili: ulazo mnene wa wale wengi, halafu ulazo mwembamba wa masalio. Kutafuta mgawanyo huo ni hesabu ngumu. Nimewaona akina mama wakiifanya pembeni mwa karatasi ya risiti, bila kikokotoo, huku wakijibu salamu.

Sasa rudi kwa kamati ya harusi. Wanawake 40, kitenge kimoja, rangi moja, siku moja. Katika daftari inasomeka kama oda kubwa, na kijana mwenye pupa atakata bei kwa furaha kana kwamba amepata mashati ya shule. Lakini kila shangazi ana mwili wake na kila mmoja ana mshono wake: huyu mikono ya puto, yule kifua wazi kidogo, mwingine hataki kubanwa kiunoni. Hakuna tabaka hata mbili zitakazolazwa pamoja. Hiyo si oda ya nguo 40, ni oda 40 za nguo moja moja, na tarehe yake haisogei, kwa sababu harusi haimsubiri fundi. Kinyume chake ni madera. Dera halimpimi mtu. Ni pana kwa makusudi, linamtosha karibu kila mwanamke, kwa hiyo dazeni tano za madera zinakatwa kwa ulazo mmoja na kushonwa bila maswali. Fundi mkuu anayejua kazi hupima oda kwa kujiuliza ni tabaka ngapi zitapita chini ya kisu kwa pamoja, na bei na tarehe yake vinatokana na jibu hilo.

Kwenye vyerehani nako ukubwa wa oda unabadili kila kitu. Nguo ya mtu mmoja hushonwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana anayeanza ndiye anayekumbuka kwamba bega la kushoto la mteja limeshuka kidogo. Mashati 300 hayashonwi hivyo. Yanagawanywa: mmoja kola, mmoja mifuko, wawili wanaunganisha mabega na mikono, mmoja ubavu, mmoja pindo, mmoja matundu ya vifungo. Kola ndiyo hukwamisha, kwa sababu inahitaji gamu, pasi, kugeuza ncha na kushona tena juu, kwa hiyo fundi mkuu huanza kola siku moja kabla ya sehemu nyingine au huweka watu wawili pale. Baada ya shati la thelathini hivi, karakana inabadilika sauti. Mikono imezoea, hakuna anayeuliza, vipande vinapita.

Mazoea hayo yana kipimo. Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani T. P. Wright alichapisha uchunguzi wake kuhusu viwanda vya ndege: kila idadi ya ndege zilizoundwa ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kwa ndege moja ilipungua kwa takriban asilimia 20. Kila fundi cherehani anaujua ukweli huo mikononi mwake, na anajua pia upande wake wa pili, kwamba oda ndogo huisha kabla mikono haijazoea. Ndiyo maana bei ya shati moja haiwezi kuwa bei ya shule ikagawanywa kwa 300, na mteja anayelalamika kuwa anaonewa hajaonewa.

Ninachokistaajabia zaidi ni jinsi karakana nzuri inavyohama kutoka namna moja ya kushona kwenda nyingine bila kupoteza asubuhi nzima. Kutoka nguo nyeupe kwenda sketi za buluu lazima ubadili uzi wa juu na wa bobini, na kwenye mashine ya overloku nyuzi ni tatu, nne, hata tano. Kitambaa kikiwa kizito zaidi, sindano namba 14 inatolewa inawekwa 16, mkazo wa uzi unarekebishwa, na majaribio yanafanywa kwenye kipande cha takataka. Fundi mzembe huanza kujaza bobini wakati tayari mashine imesimama. Katika karakana iliyopangwa, kijana anayejifunza amekwisha kujaza bobini za rangi zote tangu mapema na kuzipanga kwenye kisanduku, sindano zipo kwenye kitambaa ukutani, na uzi mpya unafungwa fundo kwenye ncha ya ule wa zamani, ukavutwa hadi ukatokea kwenye sindano. Nyeupe hushonwa kwanza na buluu baadaye, maana vumbi la kitambaa cheusi au cha buluu likibaki kwenye meno ya mashine litachafua kola nyeupe, na hapo kuna kufua ambako hakumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mjapani Shigeo Shingo alijipatia heshima duniani kwa jambo hilohilo. Mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota, kubadili kalibu ya mashine ya kubonyeza mabati yenye nguvu ya tani 1,000 kulichukua saa nne. Kazi hiyo ilipunguzwa kwanza hadi dakika 90, na hatimaye dakika tatu. Msingi wake ulikuwa kutenganisha mambo mawili: kazi ambayo lazima mashine isimame, na kazi inayoweza kufanywa wakati mashine bado inazunguka. Toyota walihitaji hivyo kwa sababu soko la Japani baada ya vita lilikuwa dogo na lilitaka magari ya aina nyingi kwa idadi ndogo ndogo. Kadiri kubadili kunavyokuwa kwepesi, ndivyo oda ndogo inavyoacha kuwa mzigo. Kijana wa kujaza bobini hajasikia jina la Shingo, lakini anachofanya ndicho hichohicho, na kinastahili heshima ileile.

Inakuja sasa zamu: nani atangulie? Tuseme karakana inatoa mashati 10 kwa siku na ina oda kumi, moja ya mashati 91 na tisa za shati moja moja. Jumla ni 100, kazi ya siku 10 kwa vyovyote vile. Ukianza na ile kubwa, inatoka mwanzoni mwa siku ya kumi, na wateja tisa wamesubiri muda wote huo kwa ajili ya shati moja kila mmoja. Ukianza na zile ndogo, wote tisa wanachukua nguo zao siku ya kwanza, na mteja mkubwa anapata zake mwisho wa siku ya kumi. Yeye amecheleweshwa chini ya siku moja. Wao wameokolewa siku tisa. Mwaka 1956 mtafiti W. E. Smith alithibitisha kwa hisabati kwamba ukitaka wastani wa kusubiri uwe mdogo kabisa, anza na kazi fupi. Wenye karakana walikuwa wakifanya hivyo kabla na baada yake, wengi wao kwa kuhurumia foleni ya mlangoni.

Lakini kanuni hiyo ikifuatwa kichwakichwa inaleta balaa. Wateja wa shati moja hawaishi. Kesho watakuja wengine tisa, na keshokutwa, na mwalimu mkuu atasubiri mpaka muhula uishe. Fundi mkuu mwenye busara hutenga: vyerehani viwili ni vya oda ndogo siku zote, vingine havigusi kingine chochote hadi oda kubwa iishe. Halafu anaivunja kubwa vipande. Humwambia mwalimu, "Mwalimu, Ijumaa hii nakupa darasa la kwanza na la pili, Ijumaa ijayo wanaofuata." Mwalimu anaridhika kwa sababu watoto wadogo ndio wasio na sare kabisa, fedha inaingia kwa awamu, na ikigundulika kwamba kola imekatwa fupi, kosa limeonekana kwenye mashati 80 na si 300.

Wako wanaosema karakana ikikua iachane na oda ndogo. Sikubaliani nao. Mashati ya shule yana msimu wake. Kati ya Machi na Septemba ni suruali za kupunguza na magauni ya binti mmoja mmoja ndiyo hulipa kodi ya chumba na umeme, na mwalimu mkuu aliyeleta oda ya 300 mara nyingi alianza kama mzazi aliyeleta kaptula moja akaipenda.

Kuna jambo moja ambalo wengi wakilisikia hukataa kuliamini: fundi mkuu bora hajazi daftari lake. Akiwa na nafasi ya nguo 100 kwa juma, hupokea kama 80. Anayemtazama humwona mvivu au mwoga. Hisabati ya foleni iko upande wake. Mwingereza John Kingman alionyesha mwaka 1961 kwamba kusubiri hakuongezeki taratibu kadiri kazi inavyojaa, bali hupaa. Karakana ikitumia asilimia 80 ya uwezo wake, kipimo cha msongamano katika kanuni yake ni 4. Kwa asilimia 90 ni 9. Kwa asilimia 95 ni 19. Kisha kipimo hicho huzidishwa kwa jinsi oda zinavyotofautiana kwa ukubwa na kwa nyakati za kuja. Kiwanda kinachoshona shati lilelile kila siku kinaweza kujaa hadi ukingoni kikapumua. Karakana inayopokea shati moja asubuhi na mashati 300 mchana haiwezi. Ile nafasi ya nguo 20 inayoachwa wazi ndiyo inayomruhusu fundi kumpokea mfiwa anayehitaji kanzu kesho bila kumvunjia ahadi mtu mwingine.

Na ahadi yenyewe inatokana na hesabu. Mwaka huohuo wa 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi: vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kutoka mara muda wa kukaa. Kama karakana ina nguo 240 na inatoa 30 kwa siku, nguo inayoingia leo kwenye mkia wa foleni itatoka baada ya siku nane. Hakuna dua wala bidii ya usiku mmoja itakayoifanya iwe siku tatu, isipokuwa kwa kuirusha juu ya wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nina shughuli Jumamosi. Hili gauni nitalipata?"

"Jumamosi hii hapana. Njoo Jumatano ya wiki ijayo, utalikuta limepigwa pasi."

Binti ananuna, anataja fundi mwingine wa jirani aliyemwahidi Ijumaa. Mama hamzuii. Kwa macho yangu hicho ni kilele cha ufundi wake, maana "njoo kesho" ni neno rahisi kulitamka na limewapotezea wateja mafundi wengi kuliko mshono mbaya.

Januari ndiyo mtihani. Shule zinafunguliwa, wazazi wanajaa mlangoni kwa siku chache, na tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Tanzania Januari 2016, watoto wanaoandikishwa waliongezeka sana. Fundi mkuu huanza maandalizi tangu Oktoba. Wanafunzi wa shule za msingi za serikali huvaa shati jeupe na sketi au kaptula ya buluu, shule moja na nyingine, kwa hiyo mashati meupe yanaweza kushonwa mapema bila hofu: asipoyachukua huyu atayachukua yule. Shule binafsi zenye kitambaa cha drafti na nembo yao hazishonewi bila kianzio mkononi, maana zikibaki hazina mnunuzi mwingine. Saizi za kati anazirundika, na saizi za pembeni, ndogo sana na kubwa sana, anazikata mteja akija. Hata katika zile za kati anasogeza kipimo juu kidogo, kwa sababu anawajua wazazi: mama atachukua shati linalozidi ili mtoto "akue nalo".

Oda inayoongezeka baadaye ndiyo inayomuumiza. Kiwandani kitambaa hutiwa rangi kwa mikupuo, na buluu ya mkupuo huu si lazima ifanane na buluu ya mkupuo ule. Ukiagiza sketi 200, fundi anakwenda dukani, anachagua majora yenye rangi moja, anayafungua mlangoni penye mwanga wa jua kuyalinganisha, anayanunua yote kwa pamoja. Ukirudi baada ya wiki tatu kusema umesahau 30, majora yale yamekwisha kuuzwa, na mlinganisho wa asubuhi kwenye foleni ya shule utaonyesha watoto 30 wenye buluu tofauti. Lawama itaandikwa kwa fundi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi wako, nenda na idadi kamili na orodha ya saizi. Mpe tarehe yako ya kweli, usitaje ya mapema zaidi kwa hofu ya kucheleweshwa, kwa sababu kila tarehe ya uongo inamsukuma nyuma mteja mwingine mwenye shida ya kweli. Lipa kianzio siku hiyohiyo. Na akikuambia Jumatano ya wiki ijayo, mkubalie.